Kiti cha Plastiki

Miaka ile ya mwanzo, kila nikifika msibani, hata ndala sijavua, mtu keshanitolea kiti. Kiti cheupe cha plastiki, vile vya kukodi. Wanawake wenzangu wako chini mkekani, miguu wameinyoosha, khanga wamejitanda, mimi niko juu peke yangu kama mwenyekiti wa kamati. Nikawa nafurahi. Nilidhani nimeheshimiwa. Ilinichukua karibu miaka miwili kung'amua kwamba kwetu kiti ni cha mgeni, na mgeni hatumwi maji.

Na mimi si mgeni. Nimezaliwa Mikindani, kitovu changu kimezikwa Mikindani. Ila kwa muda mrefu nilikuwa nasema "natokea Mtwara", maana Dar ukitaja Mikindani unaulizwa ni wapi, na mpaka umalize kueleza kwamba ni kama kilometa kumi kabla ya kuingia mjini Mtwara ukitokea Lindi, aliyeuliza yuko kwenye simu yake. Mama alikuwa hapendi kusikia hivyo. "Ntwara ni ntoto wa juzi," alikuwa akisema, na hakuwa anatania. Kwake yeye mji ni Mikindani, wenye majahazi na nyumba za mawe. Mtwara ni bandari tu waliyokuja kuijenga Waingereza baada ya Vita vya Pili kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Karanga zikawashinda, reli ya kwenda Nachingwea ikaja kung'olewa, bandari ikabaki, na watu wakahamia huko kufuata kazi. Mama alilisimulia jambo hilo kama mke anayemzungumzia mke mwenza.

Niliondoka nikiwa na miaka tisa. Mama mkubwa aliyekuwa Temeke alikuja kunichukua nikasome. Likizo nilitakiwa kurudi, lakini wakati huo Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa bado, limekuja kufunguliwa mwaka 2003. Mvua zikishika, basi la kusini lilikuwa safari isiyojulikana mwisho wake: mnalala njiani, mnasukuma, mnapika kando ya barabara. Mama mkubwa akawa anaahirisha. Likizo hii, likizo ijayo. Nikakulia Temeke. Shuleni walinicheka kwa kusema "nchumali" na "nkate", nikajifunza haraka kuutafuta ule mwanzo wa neno na kuutamka wanavyotaka wao. Kufikia darasa la saba hakuna aliyejua natoka wapi, na nilijivunia hilo. Sasa nikikumbuka naona aibu kidogo, lakini mtoto ni mtoto.

Mwaka 2013 Mtwara ilipochafuka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar, nilikuwa ofisini Dar, tunaangalia taarifa ya habari ukutani. Wenzangu wakanigeukia wote: "Kwenu kuna nini?" Nikajibu. Nikajibu vizuri kabisa, kwa yale yale niliyoyasoma gazetini asubuhi. Usiku nikampigia mama. Akaniambia amefunga mlango, ana unga, ana mkaa, jirani amelala kwake, nisiwe na wasiwasi. Sikuuliza ni jirani yupi. Leo najiuliza, mtu gani hamjui jirani anayelala nyumbani kwa mama yake siku ya vurugu?

Nilirudi mwaka 2019. Nisijipambe kwamba nilirudi kwa mapenzi. Ofisi ilipunguza watu na mimi nikiwamo, na mama sukari ilikuwa imeanza kumla mguu. Mambo mawili hayo yakakutana, nikapakia friji na masanduku kwenye basi.

Wiki ya kwanza nikatoka kutembea. Nimevaa kofia kwa sababu ya jua, nina mkoba mgongoni. Chini ya lile boma la Mjerumani, lililojengwa 1895, kijana mmoja akanisogelea kwa adabu zote: "Karibu Mikindani, dada. Nikuzungushe mji?" Nilitaka kukataa, kisha nikajiuliza nakataa kwa lipi. Sijui hata njia ya kupandia bomani. Nikakubali, bei tukapatana. Akanionesha nyumba ambayo Livingstone anasemekana kufikia kabla ya safari yake ya mwisho ya bara, mwaka 1866. Akanionesha magofu ya nyumba za matumbawe zenye milango ya kuchongwa, mibuyu imeota ndani kama wapangaji. Anaeleza vizuri, na mimi naitikia "enhe, enhe" kama mtalii.

Tulipofika ufukweni, kwenye mikoko, akaniuliza nimetokea wapi. Nikamwambia hapa hapa.

"Hapa Mikindani?"

"Hapa hapa."

Akanitazama. Halafu akauliza swali ambalo kwetu huulizwa kabla ya jina: "Mtoto wa nani wewe?"

Nilipomtaja mama akashika kichwa. "Yule bibi wa visheti? Ah, dada, unaniaibisha bwana!" Akatoa ile noti mfukoni akanirudishia, nikaikataa, akaiweka juu ya mkoba wangu, akaondoka karibu mbio. Jioni Mikindani nzima ilijua kwamba mtoto wa bibi wa visheti amelipa hela aoneshwe nyumbani kwao. Jina likanishika siku hiyo: Dada wa Dar. Mpaka watoto wadogo.

Basi nikawa Dada wa Dar. Kukiwa na msiba nitachanga, na nachanga vizuri kuliko wengi, elfu ishirini kwenye bahasha. Nitakaa kwenye kiti changu nusu saa, nitasema pole, nitaondoka. Kukiwa na harusi, vilevile. Mara moja nikaanzisha kundi la simu la wanawake wa mtaa, nikaweka utaratibu, na faini ya wachelewaji wa michango. Lilikufa baada ya wiki tatu, sitalisemea zaidi ya hapo.

Bibi mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mkubwa kuliko mama, mjuzi wa mambo ya unyago na ya kuosha maiti, siku moja aliniita wakati naondoka na mkoba wangu. Alikuwa amekaa chini anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Mwanangu, hela yako tumeipokea. Wewe mwenyewe tukupokee lini?"

Nikacheka. Nikadhani ni utani wa wazee. Nikaenda zangu.

Tena nilikuwa na kisingizio, maana lilikuwapo jambo lililonitenga ambalo halikuwa kosa langu. Wanawake wa rika langu walichezwa unyago pamoja mimi nikiwa Temeke nakariri jedwali la kuzidisha. Wana nyimbo zao, wana mafumbo yao, mmoja akianza mstari wenzake wanaangua kicheko na mimi nimekodoa. Nikiingia jikoni, mazungumzo yanabadilika kidogo, si kwa ubaya, kama unavyobadilisha mazungumzo mtoto akipita. Nilifikiri hilo haliwezi kuzibika kamwe. Kwa kweli halijazibika mpaka leo. Nyimbo zile sizijui na sijawahi kuomba kufundishwa. Nimegundua tu kwamba wanawake wa Mikindani wana vyumba vingi, na kukosa ufunguo wa kimoja si kufungiwa nyumba.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe.

Mama alikuwa na shamba la urithi upande wa Mtwara Vijijini, mikorosho thelathini na minane, mikubwa, mingine babu ndiye aliipanda. Miaka niliyokuwa Dar nilikuwa natuma hela ya kufyekea na ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Msimamizi alikuwa mtu tunayemwita mjomba. Kwetu mjomba si neno dogo. Watoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yao ni kaka wa mama. Huyu si kaka wa mama wa tumbo moja, lakini ni wa ukoo, na mama alimwita "njomba wenu" kwa sauti ya mtu anayetaja mlango wa nyumba.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nikakaa mezani na kalamu. Miti thelathini na minane, tuseme kila mti kilo kumi, kwa hiyo kilo mia tatu na themanini. Nikaangalia stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika tulizopata msimu uliopita: hazifiki kilo mia na sabini. Msimu wa kabla yake, chini ya hapo. Nikaona wazi kabisa kwamba tunaibiwa. Nikajua na njia: si ndiyo kangomba hiyo, mtu anauza korosho za mwenzake kichochoroni kwa kupimia bakuli, hazifiki ghalani wala mnadani? Kichwani kesi ilikuwa imeisha, imebaki hukumu.

Nilimfuata Ijumaa baada ya swala, barazani kwake, wazee wanacheza bao. Nilipaswa kumwita pembeni. Nilipaswa kwanza kumuuliza mama. Sikufanya yote mawili. Nilisimama na karatasi yangu nikasoma hesabu mbele za watu, na nilipomaliza nikauliza kwa Kiswahili changu cha ofisini, "Naomba maelezo ya tofauti hiyo."

Kete zikanyamaza. Mjomba hakujibu kitu. Akaingia ndani, akakaa kama dakika tano, akarudi na daftari la shule lenye jalada lililochanika, akanipa mkononi, akarudi kwenye bao lake. "Zamu ya nani?" akawauliza wenzake.

Nililisoma njiani, nimesimama chini ya mwembe. Mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne. Juni, salfa ya mama, ya kukopa, hela kutoka Dar bado. Agosti, hela ya Dar imefika, maua yameshaungua. Hapo nikakumbuka: mwaka ule niliituma hela ikiwa imechelewa, nikasema si zitafanya kazi tu. Mkorosho haungoji mshahara wa mtu. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukishaingia kwenye maua na hujapulizia, huna msimu, na hata kilo zako kumi za mezani zinabaki mezani. Nikaendelea kufungua. Mashine ya kupulizia, kukodi. Unga wa mama, kilo tano. Dawa ya mama. Bodaboda kwenda hospitali, usiku. Sabuni. Dawa ya mama. Miaka minne. Aliziuza korosho ghalani kama kila mtu, na alipozidiwa alitoa mfukoni mwake. Kwa hesabu yake, ambayo niliirudia mara tatu kwa kutafuta kosa, sisi ndio tuliokuwa tunadaiwa. Shilingi elfu sitini na nne.

Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia. Alikuwa ananyoosha mguu wake kwenye beseni. "Ningekwambia, ungetuma hela," akasema. "Nawe wakati ule ulikuwa na kodi ya nyumba." Kisha akaniuliza kama kweli nimesimama mbele ya wazee na karatasi. Nikamwambia ndiyo. Akafunika uso kwa khanga, na mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Nilipeleka elfu sitini na nne kwa mjomba nikiwa nimepiga magoti. Hakuipokea. Alisema, na mpaka leo nasikia sauti yake, "Njomba hadaiwi, njomba hadai. Msimu wa kuokota ukifika uje. Ntu mmoja kwangu anaumwa ngongo."

Oktoba nikaenda. Mtu wa ofisi haelewi kuokota korosho ni nini mpaka afanye. Unainama asubuhi unainuka adhuhuri. Mabibo yameanguka usiku kucha, harufu yake inakata kama pombe, nyuki na inzi wanakuzunguka, unaokota, unasokota korosho itoke kwenye bibo, unatupia kwenye ndoo. Mimi nilikuwa nazitoa zikiwa na nyama ya bibo. Mke wa mjomba akawa ananirudishia moja moja bila neno, kama mwalimu anayerudisha daftari. Utomvu wa mabibo uliharibu gauni langu, na doa lile halitoki, usijaribu. Siku ya nne hakunirudishia hata moja. Kanionjesha ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, tumekaa chini ya mti, akanisimulia habari za mama alipokuwa msichana ambazo siziandiki hapa.

Nilikaa huko karibu mwezi mzima, naenda na kurudi. Watu wakawa wananiona barabarani alfajiri na ndoo kichwani.

Msiba uliofuata mtaani nilifika kama kawaida yangu, na bahasha. Nikasimama uani nasubiri. Kiti hakikuja. Nikaangaza macho, viti vipo, vimepangwa kule mbele kwa wageni waliotoka Masasi. Mwanamke mmoja wa rika langu, mkali wa maneno, akanisukumia kibao cha mbuzi kwa mguu.

"Dada wa Dar, mbona umesimama? Nazi zitajikuna?"

Zilikuwa nazi ishirini na kitu. Nilijikata kiganja kwenye ya tano. Yule bibi wa kuchambua mchele akanifunga kitambaa, akanirudishia kibao. Siku hiyo nilitukanwa kwa uzembe wangu mara nyingi kuliko miaka miwili yote iliyopita, na nilirudi nyumbani nanuka moshi wa kuni za mkorosho, mgongo umevunjika, nimefurahi kama mwehu. Mama akaniuliza, "Wamekupa nini?" Nikamwambia, "Mbuzi." Akaelewa.

Mwaka uliofuata wakanipa ukijumbe, kazi ya kukusanya hela, wa mchezo wetu wa upatu, shilingi elfu mbili kwa siku, wanawake kumi na wanane. Hakuna faini. Anayechelewa unamfuata kwake, unakaa, unakunywa chai, huulizi hela, na ukiinuka kuaga ataitoa mwenyewe au atakueleza shida yake. Inachosha, lakini hakuna aliyewahi kutoroka.

Mama alifariki mwanzoni mwa Mei 2024, siku chache tu baada ya kimbunga Hidaya. Alfajiri, kimya kimya, mkono wake ukiwa kwenye goti langu. Nilimpigia kaka yangu Dar. Akapanda basi, na basi likageuzwa: barabara ilikuwa imekatika maeneo ya Somanga, maji yamebeba lami, magari yamejipanga pande zote mbili. Ndege ilikuwa imejaa. Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka Songea, siku mbili, na maiti wa Kiislamu hasubiri siku mbili. Mama mkubwa hakuweza. Binamu hawakuweza. Ukoo wetu wote wa Dar, wale waliokuwa wakinipigia simu kuniuliza huko Mtwara unaishije, ulikwama upande wa pili wa maji.

Nilikuwa nimekaa chumbani na simu mkononi, sijui nianzie wapi sanda, nianzie wapi kaburi. Nikasikia majembe yanagongana nje. Nikachungulia. Mjomba yuko mlangoni na vijana sita, mmoja wao ni yule kijana wa kuzungusha watalii, suruali imekunjwa mpaka magotini. Hakuna aliyewaita. Mjomba akaniuliza jambo moja tu, kama mama azikwe karibu na babu au karibu na bibi. Nikamjibu. Wakaondoka.

Bibi wa unyago akaingia na udi na ubani. Wengine walianza kutoka, akanishika mkono. "Wewe baki. Utammiminia maji." Nikammiminia. Alinielekeza kwa sauti ndogo, taratibu, upande wa kulia kwanza, kama vile ana siku nzima. Nje nilisikia mashoga zangu wa upatu wanagombana kuhusu sufuria kubwa iko kwa nani, na nani kasahau chumvi. Sijui kueleza, lakini ugomvi ule wa chumvi ndio ulionishika nisianguke.

Kaka yangu alifika barabara ilipofunguka, hitima imeshapita. Aliingia uani na begi lake, macho mekundu, anatazama huku na huku. Mwanamke yule mkali wa maneno alimwona kwanza. Akaenda mbio chini ya mwembe, akaleta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa upindo wa khanga, akamwekea kivulini.

"Karibu, kaka. Pole sana kwa safari. Kaa, kaa."

Akakaa. Nikapita mbele yake na ndoo ya maji kichwani, naelekea jikoni, na yule mwanamke ananipigia kelele kwamba moto unazimika. Kaka akanishika khanga.

"We mbona hukai?"

Nikamwambia nakuja, akae tu, wanamletea chai.